Muasi akirudi kutoka msituni, nani ana haki ya kumsamehe?

Tarehe 8 Februari 2025, wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki (EAC) na wale wa Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika (SADC) walikutana Ikulu, Dar es Salaam. Kwa msikilizaji wetu wa Kigamboni hapo ni jirani, ni kuvuka maji tu kwa kivuko hadi Magogoni. Siku chache kabla ya mkutano huo, waasi wa M23 walikuwa wameuteka mji wa Goma, mashariki mwa Kongo. Viongozi walitaka mapigano yakome mara moja, na wakataka pande zote zirudi kwenye mazungumzo, M23 wakiwemo.

Tangu wakati ule kuna swali ambalo wasikilizaji wetu hawaachi kutuuliza, kuanzia Kimbiji na Pemba Mnazi hadi mbali zaidi. Mtu ameua, amebaka, amechoma nyumba za watu, kisha anaitwa mezani na kukaribishwa chai. Akishasaini karatasi ya amani, ndiyo basi, yamekwisha?

Swali hilo si la kijinga hata kidogo. Agosti 2024, mahakama ya kijeshi mjini Kinshasa iliwahukumu adhabu ya kifo watu 26 waliohusishwa na muungano wa AFC/M23. Miongoni mwao alikuwemo kiongozi wa muungano huo, Corneille Nangaa, na kamanda wa kijeshi wa M23, Sultani Makenga. Wengi wa waliohukumiwa hawakuwepo mahakamani. Kwa sheria ya Kongo, hao ni wahalifu waliokimbia mkono wa dola. Lakini mwaka 2025 wajumbe wa kundi lao walikaa na wajumbe wa serikali mjini Doha, Qatar, wakasaini tamko la pamoja Julai 19, na makubaliano mengine ya kuelekea amani Novemba 15. Kinshasa wanasakwa, Doha wanapeana mikono.

Katika makala haya hatutawaambia Wakongo la kufanya. Tutaitazama zaidi nchi jirani iliyoanza safari hii zamani, ikaonja faida yake na uchungu wake. Nchi hiyo ni Uganda. Kisha tutarudi nyumbani, kwa sababu jambo hili linatugusa sisi Watanzania kuliko wengi wanavyodhani.

Msamaha wa aina gani?

Kwanza tuelewane kuhusu neno lenyewe. Kila mwaka, hasa Desemba 9 siku ya Uhuru au Aprili 26 siku ya Muungano, tunatangaza redioni kwamba Rais ametoa msamaha kwa wafungwa. Uwezo huo anaupata kutoka Ibara ya 45 ya Katiba ya Tanzania. Lakini angalia jinsi unavyofanya kazi. Anayesamehewa amekwisha kufikishwa mahakamani. Ushahidi umesikilizwa, aliyedhulumiwa amesema yake, hakimu ametoa hukumu, na mfungwa ametumikia sehemu ya kifungo. Rais anapunguza adhabu, lakini kosa lenyewe linabaki limeandikwa na kila mtu analijua.

Msamaha kwa waasi ni kitu kingine. Huo hutolewa kabla ya kesi. Anayesamehewa hajasimama kizimbani, hajaulizwa lolote, na mara nyingi bado ana bunduki mkononi au yuko mafichoni nchi ya jirani. Serikali inamwambia: weka silaha chini, rudi nyumbani, hatutakushitaki.

Tuseme kwa mfano wa kwetu. Mashine ya boti imeibwa kijijini, na mlinzi ameumizwa vibaya. Mwizi anajulikana, amekimbilia Mafia. Mwenyekiti anatangaza kwamba mwizi akirudi na mashine, hatafanywa kitu. Mwenye boti anaweza kufurahi, maana anaitaka mashine yake aende baharini. Lakini yule mlinzi aliyepoteza jicho, yeye ameulizwa? Na mwenyekiti, jicho lililotoka ni la nani hata alisamehe yeye?

Ugomvi wote kuhusu msamaha wa waasi, popote duniani, umo ndani ya mfano huo. Wapo wanaohitaji vita viishe leo, na wapo wanaohitaji haki. Mara nyingine watu hao wawili wanaishi nyumba moja.

Uganda: wazazi walioomba watekaji wasamehewe

Kundi la Lord's Resistance Army, LRA, likiongozwa na Joseph Kony, lilianza vita kaskazini mwa Uganda mwishoni mwa miaka ya 1980. Kundi hilo halikuwa likiomba vijana wajiunge. Lilikuwa likiwateka. Watoto walichukuliwa kwenye njia ya shule, shambani na vitandani usiku. Wavulana walipewa bunduki, wasichana waligawiwa makamanda kama wake. Vita vilipopamba moto, karibu watu milioni 2 walikuwa wakiishi katika kambi za wakimbizi wa ndani.

Usiku wa Oktoba 10, 1996, LRA waliingia katika shule ya wasichana ya St. Mary's, Aboke, wakachukua wasichana 139. Mtawa mmoja Mwitaliano, Sista Rachele Fassera, aliwafuata msituni kwa miguu na kuwabembeleza makamanda. Alirudi na wasichana 109. Thelathini walibaki.

Mmoja wa mama wa wale waliobaki, Angelina Atyam, aliungana na wazazi wenzake kudai watoto wote waachiwe. Walipaza sauti hadi nje ya nchi. Waasi wakamtumia ujumbe: acha kelele zako, tutakurudishia binti yako. Mama yule alikataa. Alisema wote ni watoto wake, hawezi kumchukua mmoja na kuwaacha wengine. Binti yake alirudi mwaka 2004, karibu miaka minane baadaye.

Tumeileta habari hiyo kwa makusudi. Mtu akisema kwamba msamaha ni udhaifu wa wanasiasa, akumbuke kwamba kaskazini mwa Uganda waliouomba kwa nguvu zaidi walikuwa wazazi, viongozi wa dini wa Kiislamu na wa Kikristo, na wazee wa Kiacholi. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka. Hao mnaowaita magaidi ni watoto wetu waliotekwa. Jeshi likipiga bomu kule msituni, linawaua watoto wetu. Na wakijua kwamba wakirudi watanyongwa, hawatarudi kamwe.

Bunge la Uganda likawasikia. Sheria ya Msamaha ilianza kutumika Januari 2000. Ilimhusu Mganda yeyote aliyepigana na serikali tangu Januari 26, 1986, siku ambayo Yoweri Museveni aliingia madarakani. Masharti yake yalikuwa machache. Unajisalimisha kwa jeshi, polisi, chifu, hakimu au kiongozi wa dini. Unatamka kwamba umeacha uasi. Unakabidhi silaha kama unayo. Tume ya Msamaha inakupa hati, pamoja na Shilingi 263,000 za Uganda na vitu vya kuanzia maisha kama godoro, blanketi, jembe na mbegu.

Je, ilifanya kazi? Ndiyo. Zaidi ya watu 26,000 walipewa msamaha, na karibu nusu yao walitoka LRA. Kila aliyetoka alikuwa bunduki moja pungufu msituni. Wengine walipita redioni, hasa mjini Gulu, wakiwaita wenzao kwa majina: njooni, mimi nimerudi, sikuuawa. Sisi watu wa redio tunajua maana ya sauti unayoitambua kutoka kwenye kiredio kidogo usiku. Makamanda nao walilijua hilo, na ndiyo maana wapiganaji wa kawaida walikatazwa kusikiliza.

Wawili waliotekwa, njia mbili

Ugumu ulianza pale msamaha ulipoacha kuwa sawa kwa wote.

Thomas Kwoyelo alitekwa mwaka 1987 akiwa mtoto wa miaka kama 13, njiani kwenda shule. Alikulia msituni na kupanda cheo hadi kamanda. Mwaka 2009 alikamatwa katika mapigano upande wa Kongo, akiwa amejeruhiwa. Januari 2010, akiwa gerezani, aliomba msamaha kama wenzake. Tume ya Msamaha iliona anastahili. Lakini sheria ilitaka mkurugenzi wa mashitaka athibitishe, na uthibitisho haukuja. Badala yake Kwoyelo alishitakiwa, na Julai 2011 kesi yake ikafunguliwa mjini Gulu.

Mawakili wake wakauliza: mbona zaidi ya watu 24,000 wamepewa hati, wakiwemo makamanda waliomzidi cheo, na huyu ananyimwa? Septemba 2011 Mahakama ya Katiba ilikubaliana nao, ikasema Kwoyelo anabaguliwa na anastahili msamaha. Lakini hakuachiwa. Serikali ilikata rufaa, na Aprili 2015 Mahakama ya Juu ikatengua uamuzi ule. Ilisema Sheria ya Msamaha haikukusudiwa kumfunika mtu aliyewaua na kuwatesa raia kinyume cha sheria za vita.

Agosti 2024 Kwoyelo alikutwa na hatia katika mashitaka 44, yakiwemo mauaji, ubakaji na utumwa. Oktoba mwaka huohuo alihukumiwa kifungo cha miaka 40. Alikuwa amekaa mahabusu miaka 15 akiisubiri siku hiyo.

Sasa mlinganishe na Kenneth Banya, aliyekuwa mmoja wa maofisa wa juu wa LRA. Banya alikamatwa na jeshi mwaka 2004, naye alipewa msamaha. Caesar Acellam alikamatwa mwaka 2012, naye hakufikishwa kizimbani. Wote waliamuru watu kwa miaka mingi. Tofauti yao na Kwoyelo haikupimwa kwa mizani ya ukubwa wa makosa. Ilitegemea mwaka aliokamatwa mtu, na jinsi serikali ilivyoona inamhitaji au haimhitaji.

Hapo ndipo msamaha unapoanza kunuka. Mtu wa kijijini anaweza kuvumilia sheria kali. Anaweza hata kuvumilia sheria ya upole. Lakini sheria inayombembeleza mmoja na kumfunga mwenzake kwa kosa lilelile haivumiliki, kwa sababu hapo hakuna sheria tena, kuna bahati tu. Tena inawatisha waliobaki msituni. Mpiganaji anayesikia habari za Kwoyelo atajiuliza: hati yangu itadumu hadi lini?

Sheria yenyewe nayo ikaanza kuyumba. Mei 2012 serikali ya Uganda iliiacha sehemu ya msamaha ife. Mei 2013 sehemu hiyo ikarudishwa baada ya watu wa kaskazini kulalamika.

Juba: mkataba uliokosa sahihi moja

Kabla ya hayo yote lilikuwepo jaribio kubwa zaidi. Mwishoni mwa 2003 Rais Museveni mwenyewe alilipeleka suala la LRA kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Uhalifu, ICC. Mwaka 2005 mahakama hiyo ikatoa hati za kuwakamata Kony na makamanda wanne: Vincent Otti, Raska Lukwiya, Okot Odhiambo na Dominic Ongwen.

Mwaka mmoja baadaye, Julai 2006, mazungumzo ya amani yakaanza Juba, chini ya usuluhishi wa Riek Machar. Museveni akatangaza kwamba yuko tayari kumpa Kony msamaha. Lakini alikuwa ameshaikabidhi kesi kwa mtu mwingine, na mtu huyo hakukubali kuirudisha. ICC ilisema hati zinabaki palepale.

Tangu hapo wakazi wa kaskazini waligawanyika. Baadhi walisema ICC inaharibu amani, maana nani atatoka msituni aende jela Ulaya? Wengine walisema hofu ya ICC ndiyo iliyowaleta LRA mezani. Ukweli ni kwamba pande zote mbili zilikuwa na ushahidi wao. Mazungumzo yalisonga mbele kuliko wakati wowote, kiasi kwamba Juni 2007 pande mbili zilikubaliana makosa ya vita yahukumiwe nyumbani Uganda, kwa mahakama na kwa mila. Lakini ulipofika wakati wa kusaini mkataba wa mwisho, mwaka 2008, wazee na wasuluhishi walikwenda kumsubiri Kony huko Ri-Kwangba, mpakani na Kongo. Hakutokea, si mara moja. Desemba 2008 jeshi la Uganda likashambulia kambi zake, na LRA wakalipiza kisasi kwa kuua mamia ya raia wa Kongo wakati wa Krismasi. Watu hao hawakuwa wameulizwa lolote, si kuhusu msamaha wala kuhusu mashambulizi.

Ongwen alijitokeza Januari 2015 huko Jamhuri ya Afrika ya Kati. Yeye pia alitekwa akiwa mtoto, wa umri wa miaka kama tisa. Mwaka 2021 ICC ilimkuta na hatia ya makosa 61 na kumfunga miaka 25. Majaji walisema wazi kwamba mateso ya utoto wake yamepunguza adhabu, lakini hayakufuta kosa. Kony hajakamatwa hadi leo. Novemba 2025 ICC ilithibitisha mashitaka 39 dhidi yake bila yeye kuwepo.

Kitu ambacho hati haikuuliza

Kuna jambo ambalo tunaliona ni kubwa kuliko yote hayo, na halitajwi sana. Sheria ya Msamaha ya Uganda haikumtaka muasi aseme alichofanya. Alitakiwa kusema ameacha uasi, basi. Hakuulizwa: kijiji kile ulikichoma wewe? Wale watoto uliondoka nao, waliishia wapi?

Februari 21, 2004 LRA waliishambulia kambi ya Barlonyo, karibu na Lira, wakaua zaidi ya watu 300. Katika mikasa kama hiyo, na katika kila utekaji, zilibaki familia ambazo mpaka leo hazijui mtoto wao alikufa wapi na amezikwa wapi, kama alizikwa. Wakati huohuo yuko jirani mwenye godoro na jembe la serikali ambaye huenda anajua. Hana wajibu wa kusema.

Linganisha na Afrika Kusini. Baada ya ubaguzi wa rangi kuanguka, Tume ya Ukweli na Maridhiano iliweka bei: anayetaka msamaha aseme ukweli wote. Zaidi ya watu 7,000 waliomba, na waliopewa ni 849 tu. Tume ile ilikuwa na mapungufu yake, na wengi waliokataliwa hawakuwahi kushitakiwa. Lakini angalau baadhi ya mama walijua mtoto aliuawa na nani na mwili ukatupwa wapi.

Hata mila za Waacholi ni kali kuliko hati ile. Watu wa mbali wakisikia kuhusu mato oput, sherehe ambayo pande mbili zinakunywa pamoja dawa chungu ya mti wa oput, hudhani ni njia ya kufuta makosa kirahisi. Sivyo. Kabla ya kuinywa, mkosaji lazima akiri, jina la aliyeuawa litajwe, na ukoo wa muuaji ulipe fidia kwa ukoo uliofiwa. Wazee wa kijijini walidai ukweli na malipo. Serikali haikudai kimojawapo.

Na waliorudi nao hawakupona kwa karatasi. Wasichana waliorudi na watoto waliowazaa msituni walikuta jina lao limekwisha kubadilika. Watoto wale waliitwa watoto wa Kony, na katika jamii ambayo ardhi hurithiwa kwa upande wa baba, wengi hawana shamba la kudai. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Makosa hayohayo kwingineko

Uganda haiko peke yake. Kenya, baada ya al-Shabaab kuua watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa Aprili 2, 2015, serikali iliwapa vijana waliokwenda Somalia siku 10 za kujisalimisha, kisha ikaongeza muda. Lakini lilikuwa tangazo la waziri, halikuwa na sheria ya kulishikilia. Vijana wa Mombasa na Kwale waliokuwa wamerudi walibaki na hofu kutoka pande mbili: wenzao wa zamani waliowaona wasaliti, na vyombo vya usalama ambavyo havikuwa na maandishi yoyote ya kuvifunga mikono.

Mbali zaidi, Ireland ya Kaskazini ilimaliza vita vya miaka 30 kwa mkataba wa Aprili 10, 1998. Mkataba ulisema wafungwa wa makundi ya silaha watoke ndani ya miaka miwili, na walitoka. Lakini haukusema lolote kuhusu waliokimbia bila kuhukumiwa. Serikali ya Uingereza ilijaribu kupitisha sheria mwaka 2005, ikakataliwa na kila upande na kuondolewa bungeni. Pembeni kukawa na njia nyingine. Watu karibu 190 waliohusishwa na kundi la IRA waliandikiwa barua kimyakimya kwamba hawasakwi.

Umma ulijua ukubwa wa jambo hilo Februari 2014, mjini London. Mtu mmoja alikuwa anashitakiwa kwa bomu lililoua wanajeshi wanne katika bustani ya Hyde Park mwaka 1982. Akatoa barua yake. Barua ilikuwa imetolewa kwa makosa, kwani polisi wa London walikuwa bado wanamsaka. Hata hivyo jaji alisema serikali haiwezi kumwahidi mtu halafu ikamgeuka, na kesi ikafa. Familia za waliouawa zilikuwa zimesubiri miaka 32. Zilichopata ni kujua kwamba kulikuwa na barua.

Uganda ilitoa msamaha hadharani lakini haukuwa sawa kwa wote. Kenya iliutangaza bila sheria. Uingereza iliandika barua bila kuwaambia wenye msiba. Katika kila nchi, aliyeumia ndiye aliyekuwa wa mwisho kujua.

Na sisi Watanzania?

Mtu anaweza kusema hayo ni ya wenzetu. Hapana. Desemba 7, 2017 waasi walivamia kambi ya walinda amani wa Umoja wa Mataifa huko Semuliki, mashariki mwa Kongo, na kuua zaidi ya wanajeshi 10 wa Tanzania. Lawama ilielekezwa kwa ADF, kundi lililoanzia Uganda. Wapiganaji wa zamani wa ADF ni miongoni mwa waliopata hati za msamaha chini ya ile sheria ya mwaka 2000. Kiongozi wa kundi hilo, Jamil Mukulu, alikamatwa hapa Tanzania mwaka 2015, na baada ya mahakama jijini Dar es Salaam kuridhia, akakabidhiwa kwa Uganda ili ashitakiwe.

Oktoba 2020 wapiganaji kutoka upande wa Msumbiji walivuka mto Ruvuma na kuishambulia Kitaya, mkoani Mtwara. Siku amani ya kudumu itakapokuja Cabo Delgado, nako lazima litaulizwa swali la nani asamehewe. Je, mtu wa Kitaya aliyechomewa nyumba ataulizwa? Je, mzazi wa askari aliyekufa Semuliki ataulizwa pale Kampala au Kinshasa watakapokaa na waliomuua mwanawe?

Kwa jinsi mambo yalivyo sasa, hakuna anayelazimika kumuuliza. Vita vyetu vinavuka mipaka, lakini msamaha unaandikwa upande mmoja wa mpaka.

Msikilize nini Kongo inapozungumza

Kongo imewahi kupita hapa. M23 waliposhindwa mwaka 2013, kikosi kilichoongozwa na Mtanzania, Brigedia Jenerali James Mwakibolwa, kilikuwa miongoni mwa waliowashinda. Februari 2014 Kongo ilipitisha sheria ya msamaha kwa waasi, ikiwaacha nje wenye makosa ya kivita, mauaji ya kimbari na ukatili wa kingono. Kwenye karatasi ilikuwa sheria nzuri. Lakini waasi walilalamika kwamba ahadi hazitekelezwi, na serikali haikuwa na haraka ya kuwarudisha makamanda waliokimbilia nje, akiwemo Makenga. Mwishoni mwa 2021 walirudi na bunduki. Msamaha usiokamilishwa unaacha watu wenye silaha wakisubiri ng'ambo ya mpaka, na wahanga wasio na kesi wala fidia.

Kwa hiyo utakaposikia katika taarifa yetu ya habari kwamba pande za Kongo zimekubaliana jambo, usiishie kwenye sahihi. Sikiliza kama mpiganaji wa chini aliyebebwa kwa nguvu ametenganishwa na aliyetoa amri. Huyo wa chini arudi nyumbani, na tunasema hivyo bila kusita, kwa kuwa Uganda imeonyesha kwamba bila mlango wa kurudia vita haviishi. Aliyepanga mauaji ya kijiji hastahili mlango huohuo. Sikiliza kama kuna sharti la kusema ukweli. Sikiliza kama msamaha umeandikwa katika sheria inayosomeka na kila mtu, au ni barua ya siri na neno la waziri. Na sikiliza kama kuna fungu la fidia. Uganda iliwapa godoro waliorudi chini ya sheria ya mwaka 2000. Mahakama iliiamuru serikali iwalipe wahanga wa Kwoyelo Desemba 2024.

Watawala wanaupenda sana msemo wetu kwamba yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Ni msemo mzuri, na mara nyingi wa kweli. Lakini una mwenyewe. Anayestahili kuutamka ni yule aliyezika. Akiutamka yeye, ni msamaha. Akitamkiwa na mtu mwingine, anakuwa ameambiwa anyamaze.